Nyumba ya kupangisha nayo inakula



Siku ya posho iliyopita, mkutano ulipoisha na watu walikuwa wanatafuta viatu vyao mlangoni, dada mmoja wa kundi letu alinivuta pembeni. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, na juu ya ile alikuwa ameweka makuta ya miaka minne ya kuuzisha unga. Anataka kununua lupango kule Ruashi, nyumba ya milango mitatu, wapangaji wako tayari ndani. Komisioneri amemwambia: "Mama, nyumba hii itakulisha mpaka uzee. Lakini usichelewe, kuna baba mwingine anakuja kesho na makuta yake." Dada akaniuliza: nilipe siku ya kwanza, ao ningoje?

Nilimjibu: ngoja. Na kwa sababu yeye ni wa nne kuniuliza neno hilo tangu mwaka uanze, leo ninaandika hapa ili wote wasome.

Sipingi nyumba ya kupangisha. Ninayo moja mimi mwenyewe, na ndiyo iliyolipa minervali ya watoto wangu wawili mpaka wakamaliza. Kwa mwanamke ambaye miguu yake inaanza kuchoka na soko, sijaona kazi nyingine inayomwachia akae nyumbani na bado mwisho wa mwezi mtu aje na bahasha. Lakini ile nyumba yangu niliinunua mara mbili. Wengi wenu mnajua nusu ya habari hiyo. Leo mtapata nusu nyingine.

Ilikuwa 2014. Komisioneri alinipeleka kwa kijana mmoja aliyekuwa anauzisha nyumba ya milango miwili. Kijana alikuwa na adabu, alinipa kiti, alinionyesha karatasi ya kuuzisha yenye muhuri wa kartye. Alisema nyumba ni ya baba yake, baba amekufa, yeye ni mtoto wa kwanza. Nilitazama kuta, nilitazama malata, nilihesabu vyumba. Nililipa dola 4500. Niliimba njia nzima nikirudi.

Miezi saba baadaye, asubuhi, nilikuta wanawake wanne wamekaa mbele ya mlango. Watatu walikuwa dada za yule kijana. Wa nne alikuwa mama yao, mjane, aliyekuwa ameenda kijijini kwa kilio cha ndugu yake, akaugua huko na kukawia. Alirudi na kukuta watu wengine wanapika katika nyumba aliyoijenga na bwana yake. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Mama, ni nani alikuuzishia nyumba yangu?"

Nilikuwa na hasira sana siku ile, na hasira yangu yote niliimwagia yule mjane. Leo ninaona haya kwa hiyo. Sheria ya Jamaa ya 1987 iko wazi: watoto wote wa marehemu, wavulana na wasichana, wako katika kundi la kwanza la warithi, na mjane ana haki ya kutumia nyumba aliyokaa na bwana yake. Mtoto wa kwanza si mwenye mali peke yake. Mimi nilinunua kwa mdomo wa mtoto mmoja, na kwa kufanya hivyo karibu nimtoe mwanamke mwenzangu barabarani. Kijana alikuwa amekwisha kwenda, na makuta pamoja naye. Tuliketi na baraza la jamaa mara tano. Mwisho, mama mwenyewe alisema hawezi tena kukaa peke yake, anataka kwenda kwa binti yake. Nikalipa dola 1800 tena kwa yeye na binti zake, na safari hii wote walisaini. Makuta hayo niliyakopa. Miaka miwili kodi yote ya wapangaji ilikwenda kwa deni.

Ndiyo maana, dada, kabla ya kuuliza nyumba inaleta ngapi kwa mwezi, uliza nyumba ni ya nani.

Tusikie neno moja vizuri. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wa nchi yetu ni mali ya Serikali. Wewe haununui udongo. Unanunua nyumba na haki ya kukaa pale, na haki hiyo inaonekana kwa karatasi moja, sertifika ya uandikishaji, ambayo inatoka kwa konsevateri wa hati za ardhi. Karatasi ya kuuzisha iliyosainiwa mbele ya shefu wa avenyu ao wa kartye ni ushahidi kama makuta yalitoka mkononi mwako. Ni karatasi nzuri, iweke. Lakini haikufanyi kuwa mwenye lupango. Hata kile kitabu cha zamani cha komine ambacho wazee wanafunga ndani ya plastiki kama dhahabu, hakichukui nafasi ya sertifika.

Kuna jambo ambalo makomisioneri hawalisemi. Sertifika ikiisha kutolewa, inapita miaka miwili kabla haijakuwa ngumu kabisa. Ndani ya miaka hiyo miwili, mtu anayesema alionewa anaweza kuishtaki ivunjwe. Ikipita, anaweza kudai malipo tu, hati yenyewe haiguswi tena. Kwa hiyo mtu akikuonyesha sertifika iliyotolewa miezi mitatu iliyopita, na anataka kuuzisha kwa haraka, jiulize haraka hiyo inatoka wapi. Si lazima awe mwizi. Lakini uliza.

Kule Annexe ndiko hatari iko kubwa, kwa sababu udongo mwingi unatoka kwa mashefu wa vijiji, mji nao unawafuata mbio. Kipande kimoja kinaweza kuuzishwa na shefu kwa watu wawili, halafu mtoto wa shefu akakiuzisha kwa mtu wa tatu. Bei ni ndogo, ndiyo. Anayeanza kujenga kwanza anafikiri ameshinda, mpaka mwenye sertifika atokee na karatasi yake.

Basi ufanye nini? Chukua namba ya sertifika na nakala yake, uende wewe mwenyewe kwa konsevateri na kwa kadasta. Usimtume komisioneri, yeye analipwa siku unaponunua, halipwi siku unapokataa. Uliza kama jina ni la yule anayeuzisha, kama kuna ipoteka ya benki juu ya nyumba, kama mipaka ya kwenye karatasi ni ile unayoiona kwa macho. Halafu uende kwa jirani wa kushoto na wa kuume bila komisioneri, saa za jioni wakati watu wanapika, na uulize: katika lupango hii nani alikufa, na watoto wake wako wapi? Jibu ambalo ofisi haina, jirani analo. Na kama anayeuzisha ana mke, mke asaini naye. Sheria inataka wote wawili wakubali. Bwana anayesema "mke wangu hana neno katika mambo haya" anakuonyesha kesi yako ya mwaka kesho.

Wamama wengine wananiuliza kama mwanamke aliyeolewa anaweza kununua kwa jina lake. Anaweza. Tangu sheria ya 15 Julai 2016 iliyobadilisha Sheria ya Jamaa, hahitaji tena ruhusa ya bwana ili asaini karatasi. Lakini nitasema pia kitu ambacho hakitafurahisha wote: kununua kwa kujificha si akili. Walio wengi kati yetu tumeolewa katika utaratibu ambao mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili, hata kama jina ni moja. Nyumba ya siri inakuja kujulikana, na mara nyingi inajulikana siku ya kilio, mbele ya mashemeji.

Tuje sasa kwa hesabu, maana hapa ndipo wengi tunajidanganya wenyewe, bila kudanganywa na mtu.

Tuseme nyumba ya dada yetu ni dola 9000. Milango mitatu, kila mlango dola 50. Komisioneri alimfanyia hesabu kwa kidole juu ya vumbi: 150 kwa mwezi, 1800 kwa mwaka, miaka mitano makuta yote yamerudi, kuanzia hapo ni faida. Hesabu hiyo ni sawa kama wapangaji hawahami, hawafiwi, hawapotezi kazi, na mvua hainyeshi Lubumbashi.

Tufanye ya kwetu. Mlango mmoja utakaa wazi miezi miwili katika mwaka; hii ni kawaida, mtu anatoka, unapaka rangi, unatafuta mwingine. Toa 100. Mpangaji mmoja atashindwa kulipa miezi miwili na hutaiona tena. Toa 100. Zimebaki 1600. Shimo la choo linajaa, kwa sababu familia tatu zinalitumia: weka 80. Mbele ya mvua ya Novemba, malata, misumari, na ule ukuta unaonyonya maji: weka 150. Deni la maji ama la umeme ambalo mpangaji aliliacha na ofisi inakudai wewe: weka 60. Halafu kodi ya serikali juu ya mapato ya nyumba. Sheria ya 1969 iliandika 22 kwa mia, na siku hizi ni mkoa ndio unaoikusanya na kupanga kiwango chake, kwa hiyo uliza ofisi ya mapato ya mkoa wanatoza ngapi mwaka huu. Kwa 22 kwa mia ya 1600, ni 352.

Inabaki 958. Dola 9000 hazitarudi kwa miaka mitano. Ni miaka tisa na zaidi.

Sisemi asinunue. Dola 958 kwa mwaka ni kitu. Lakini mwanamke aliyekopa akitegemea 1800 atakosa kulipa mkopo wake mwaka wa kwanza, na mkopo ukikosa kulipwa, nyumba inauzishwa kwa bei ya shida. Nimeona mama mmoja wa hapa hapa akiuzisha hivyo. Alipata nusu ya bei aliyonunulia. Kama unakopa, kopa kwa hesabu ya 958, na uwe na makuta ya miezi mitatu pembeni ambayo huyagusi hata kwa arusi ya mtoto wa dada yako.

Juu ya kodi ya serikali, neno fupi. Wengi wanaiacha kwa sababu jirani anaiacha. Siku ofisi inapokuja, inaleta miaka yote ya nyuma na adhabu juu yake, na mtu ambaye hana risiti hana la kusema. Na kama unapangisha kwa kampuni, jua kwamba kampuni inakata sehemu ya kodi hiyo kabla ya kukulipa na kuipeleka yenyewe. Kwa sheria ile ya 1969 sehemu hiyo ilikuwa 20 kwa mia. Mama mmoja aligombana na mhasibu wa watu akifikiri anamwibia. Omba tu karatasi inayoonyesha walichokata, uiweke.

Sasa garanti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni dhambi yetu wote wenye kupangisha.

Mpangaji anapoingia anatupa garanti. Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kukaa garanti isipite miezi mitatu. Wengi tunaomba sita. Tunasema soko ndivyo lilivyo. Halafu tunazipokea, na siku ile ile zinakuwa simenti, ama minervali, ama kitenge cha sikukuu. Moyoni tunajiambia: atakaa miaka mingi huyu.

Mimi nilikuwa na mpangaji, mwalimu, mjane mwenye watoto watatu. Alinipa garanti ya miezi mitatu, dola 120. Nilinunua malata. Alikaa miaka miwili na nusu, hakuchelewa hata mwezi mmoja, alifagia lupango nzima hata mbele ya mlango wa wenzake. Halafu alipata kazi Likasi na akanipa habari mapema, kwa karatasi, kama inavyotakiwa. Siku ya kuondoka alikuja kwangu, watoto wamevaa viatu, vyombo viko juu ya gari. Aliomba garanti yake, maana kule Likasi mwenye nyumba mpya anamngoja na ya kwake. Sikuwa nayo. Nilimwambia arudi baada ya juma moja. Alinitazama, akasema: "Mama, mimi nilikuwa ninakuletea yako kila tarehe moja." Gari likaondoka. Makuta yake niliyapeleka kwa mkono wa ndugu, mafungu matatu, na la mwisho lilifika baada ya miezi minne. Mtoto wake wa pili alikawia kuanza masomo mwaka ule.

Garanti si mapato. Ni mali ya mtu mwingine iliyolala kwako. Tangu siku ile ninaiweka katika kasha la kundi letu, kwa jina la mpangaji, na mwekahazina anajua. Kama huwezi kuiweka hivyo, omba garanti ya mwezi mmoja tu, uwe na amani. Na siku mpangaji anaingia, zungukeni pamoja vyumba vyote, muandike: kioo kimoja kimevunjika, kufuli ni mbili, rangi ni mpya ao ya zamani. Sainini wote wawili. Bila karatasi hiyo, siku ya kutoka kila mmoja atakumbuka ukuta wake.

Mkataba uandikwe hata kama mpangaji ni mtoto wa kaka yako. Zaidi kama ni mtoto wa kaka yako. Uandike jina, mlango gani, makuta ngapi, tarehe gani, dola ama franka, na kama ni franka, kwa kiwango cha siku gani. Ugomvi wa kiwango umevunja urafiki mwingi katika mji huu. Andika watu wangapi watakaa. Mlango uliopangishwa kwa watu wanne unaweza kuamka na watu kumi na mmoja, na shimo la choo halijui mkataba. Andika nani analipa maji na umeme, na kama kompteri ni moja kwa milango yote, gawanya kwa njia ambayo wote waliikubali mbele. Mwenye friji ya kuuzisha maji baridi hawezi kulipa sawa na mama mwenye taa moja. Mkataba ukiisha kusainiwa, uupeleke ofisi ya Abita ya komine waupige muhuri. Tunakimbia ofisi hiyo kwa kuogopa gharama. Lakini siku ya ugomvi ndiko mnapatanishwa kwanza kabla ya kufika mahakamani, na mtu anayekuja na karatasi yenye muhuri anasikilizwa.

Na mpangaji akikataa kulipa na kukataa kutoka? Usiondoe malata juu ya kichwa chake. Usitupe vyombo nje, usimlete polisi rafiki wa shemeji. Nimesikia wenye lupango wakijisifu kwa mambo hayo. Mpangaji anakwenda mahakama ya amani na wewe unakuwa mshtakiwa, wakati deni lilikuwa lake. Mwandikie barua, weka nakala, uende Abita, halafu mahakamani kama ni lazima. Ni njia ndefu, inachosha, najua. Kwa hiyo usiache deni lifike miezi sita kwa huruma. Mwezi wa kwanza, enda umwone. Mwezi wa pili, andika. Mara nyingi mtu anayekosa mwezi mmoja ana shida ya kweli na mnaweza kupanga. Anayekosa mitano amekwisha kuzoea.

Kuhusu kuchagua wapangaji: wale waliokuwa hapa mwishoni mwa 2008 wanakumbuka. Bei ya shaba ilianguka, makampuni mengi ya madini yakafunga milango, na nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wao zikabaki tupu. Watu waliokuwa wamejenga kwa mkopo wakifikiri kampuni italipa siku zote walilia. Vivyo hivyo kwa wanafunzi upande wa Kasapa: wanalipa vizuri masomo yakiendelea, lakini likizo ni ndefu, na mwaka wa masomo ukisimama, nao wanasimama. Kama una milango mitatu, afadhali mwalimu mmoja, mfanya biashara mmoja, na mtu wa kampuni mmoja. Wakiyumba, hawatayumba siku moja.

Na ukienda kutazama nyumba, enda mvua ikinyesha. Komisioneri atakupeleka kiangazi, Julai ama Agosti, udongo mkavu, mto uko mbali. Mwezi wa Januari ndio unaonyesha maji yanapita wapi. Tazama alama juu ya kuta za majirani, kimo cha magoti ama cha kiuno. Tazama kisima kiko hatua ngapi kutoka choo, na kama choo kiko juu na kisima kiko chini, rudi nyumbani. Fungua bomba, usiridhike kwa kuliona tu. Uliza wapangaji waliomo maji yanatoka saa ngapi na umeme unapotea siku ngapi. Nyumba isiyo na maji inapoteza mpangaji mzuri kwanza, inabaki na yule asiye na pa kwenda. Uliza pia, kwa upole, kama walikwisha kumpa mwenye nyumba garanti. Ukinunua, watakuja kuidai kwako. Hiyo itolewe katika bei, na iandikwe.

Dada wa Ruashi hakulipa siku ya kwanza. Tulikwenda pamoja kwa konsevateri siku ya tatu, tulingoja mpaka saa saba. Namba ya sertifika ni ya kweli, na jina ni la yule mzee anayeuzisha. Lakini ana wake wawili wa nyumba mbili, na ile lupango alinunua akiwa na wa kwanza, ambaye yuko Kipushi na hajaambiwa neno. Tumemwomba mzee amlete mama huyo, tukae wote. Komisioneri amekasirika, hapokei tena simu yetu. Yule baba mwingine aliyekuwa anakuja kesho na makuta yake, mpaka leo ninapoandika, hajafika.

Makuta ya dada yako katika kasha la kundi. Siku ya posho hii, baada ya maombi, mwenye karatasi yoyote ya lupango ambayo hajaielewa ailete. Nitakuja na miwani yangu, na mwekahazina atakuja na daftari la garanti.